Kambare wa Barazani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kukoka moto, palikuwa na kijiji kando ya bwawa. Bwawa lilijaa kambare. Mashamba yalitoa karanga. Mvua ikinyesha, vichuguu vilitoa kumbikumbi, fuuu! kama moshi. Mgeni akipita angesema hapa hakuna mtoto anayelala na njaa.

Lakini nisikilizeni.

Kambare walitegwa na akina mama. Karanga zilipaliliwa na akina mama. Kumbikumbi waliokotwa na akina mama, mvua ikiwachapa migongoni. Kisha vyote vilipikwa, vikapelekwa barazani kwa wazee, na akina mama wakarudi jikoni na watoto wao kula ugali wa mhogo na majani ya kuchemsha kwa chumvi.

Kwa nini? Kwa sababu ya mwiko, uliowafunga akina mama na watoto.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Nyati, mwenye shingo nene na sauti ya ngurumo. Mshauri wake alikuwa Fisi. Kila bibi harusi alipoingia kijijini, wawili hao walimwita barazani kumfunda.

"Mama akila kambare," Nyati alinguruma, "mtoto wake atakuwa bubu. Umewahi kumsikia samaki akisema?"

"La, mzee."

"Akila kumbikumbi," Fisi alidakia huku akilamba midomo, "mtoto ataota mbawa. Ataruka, purrr! Hamwoni tena."

"Na karanga, mzee?"

"Karanga!" Fisi aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Karanga ina ganda. Mtoto atanasa tumboni, asitoke!"

Mnacheka? Chekeni. Bibi harusi hakucheka. Alipiga magoti, akashukuru kwa kuonywa, akaenda kuonya wenzake.

Katika kijiji hicho aliishi Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mfupi, mwepesi, macho hayatulii. Alikuwa na mume na binti mmoja wa miaka miwili, jina lake Sikitu. Tena alikuwa mjamzito. Ujauzito ule ulimkausha. Akiinama kuchota maji, kizunguzungu. Akisimama, kizunguzungu. Akipita penye kichuguu, alimega udongo akautia mdomoni akatafuna, kwa hamu asiyoielewa. Kumbikumbi wa kichuguu kilekile walikuwa barazani, wamekaangwa.

Mumewe alikuwa mpole, hana neno na mtu. Naye alikula barazani pamoja na wazee, pale mwisho wa mkeka. Akirudi nyumbani, Sikitu alimrukia, akamshika mkono, akanusa vidole.

"Baba unanukia," alisema Sikitu.

Baba alicheka. Siku hizo alidhani ni mchezo.

Baadaye Sikitu aliacha kuruka. Nywele zake zikawa nyekundu na nyepesi kama nyuzi za hindi. Miguu ikavimba, mashavu yakavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Alikaa mlangoni kutwa, hachezi, halii kwa sauti, ananung'unika tu.

Fisi akapita. "Ohoo, Mama Sikitu! Mtoto kanenepa huyu! Mnampa nini?"

"Uji wa mhogo, mzee," Pimbi akajibu.

"Basi uzidisheni!" Akaenda zake, cheke cheke cheke.

Pimbi hakuzidisha uji. Alikwenda barazani, akapiga magoti.

"Shikamooni wazee wangu. Mwanangu anakwisha. Naomba kambare, kipande. Basi hata kichwa."

"Kichwa!" Nyati akashtuka. "Huko ndiko kwenye ububu wenyewe. Mama Sikitu, usidhani nakunyima. Namhurumia mwanao."

"Basi mchuzi, mzee. Kijiko kimoja."

"Hata mchuzi umeogelewa na kambare," alisema Fisi, na wazee wote wakacheka, ha ha ha! Baba Sikitu alitazama mkeka.

Alikwenda tena siku ya pili. Alikwenda na siku ya tatu. Siku ya nne Sikitu alikataa uji, akaegemea kifua cha mama yake, na jua lilipofika utosini akakata roho.

Wazee walikuja matangani. Na wazee wakija matangani wanakula. Kwa hiyo Pimbi aliondoka penye mkeka wa msiba, akaenda jikoni, akawapikia kambare. Aliweka chungu mbele ya Nyati.

"Pole, mama," Nyati akasema, ameshatia mkono. "Ni mapenzi ya Mungu."

"Ahsante, mzee. Sikitu hakuonja kambare maisha yake yote. Na tazama, hasemi."

Nyati aliacha kutafuna, kidogo tu. Kisha akaendelea.

Sasa, watoto wangu, Pimbi alikaa siku saba hasemi na mtu. Siku ya nane ikawa zamu yake ya kupika chakula cha barazani. Akateka maji. Akasafisha kambare. Kisha akachimba gimbi, akalikata vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye mchuzi wakati chungu kinakaribia kuteremshwa. Gimbi ambalo halijaiva huwasha koo kama moto wa siafu. Kila mwanamke anajua. Lakini mle barazani hakuna aliyewahi kupika.

"Leo umetia nini?" Fisi aliuliza, akivuta harufu.

"Gimbi, mzee. Mchuzi uwe mzito."

Wakavamia chungu! Nyam nyam nyam! Mara Nyati akajishika shingo.

"Khhh!"

"Mwenyekiti, kulikoni?"

"Khhh! Khhh!"

Fisi akafungua mdomo amwite mganga, ikatoka "kwii" nyembamba kama ya kifaranga. Wazee wote wakawa wanakohoa, wanakuna makoo, machozi yanawatoka, hakuna hata mmoja anayeweza kusema "maji". Ngurumo ya Nyati haikusikika kijijini siku mbili.

Pimbi alisimama mbali, mikono nyuma. "Wazee wangu! Hamsemi? Mmekuwa kama samaki?"

Wakatazamana. Mnajua, uongo ukisemwa miaka mingi, hata mwenye kuusema anasahau kwamba aliutunga mwenyewe.

Siku ya tatu sauti zilirudi kwa mkwaruzo. Kambare hawakutaka hata kumwona. Wakaagiza kumbikumbi. Fisi alikula sinia nzima, akajinyoosha kivulini mchana kweupe, akakoroma, khoroo, khoroo. Pimbi alikuwa amepepeta kumbikumbi wale asubuhi, na mbawa zao zilijaa ungo. Alikuwa pia na ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Akanyata, nya, nya, nya. Akampaka Fisi ulimbo mgongoni, akamwagia mbawa, akaondoka.

Fisi aliamka, akajikuna.

"Yalaa! Mama yangu wee! Mwenyekiti, nitazame mgongoni!"

Nyati akatazama, akarudi nyuma hatua tatu. "Fisi... umeota mbawa."

"Zing'oe! Zing'oe!"

Nyati akavuta. "Aaaii! Zimeshika nyamani! Naruka! Nishikeni, naruka!" Fisi akakumbatia nguzo ya baraza kwa mikono na miguu.

Wakamwita Pimbi, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Mama Sikitu, hili ni jambo gani?"

"Wazee wangu, mimi ni mwanamke mdogo, nijue nini? Naona tu mwiko wenu umekua. Ulikuwa kwa akina mama, sasa umewafuata akina baba."

"Tufanyeje?"

"Vitupeni vyote. Kambare warudi bwawani, kumbikumbi waachieni kuku, na karanga msiziguse. Kama mtoto hunasa tumboni ndani ya ganda, tumbo la mzee litanasa nini?"

Nyati akajishika tumbo. "Lakini kutupa chakula! Chakula kizima!"

"Basi tupatieni sisi na watoto."

"Mkiwa mabubu je?"

"Mzee, nani hapa barazani amewahi kutuuliza neno?"

Wazee wakafikiri. "Hilo ni kweli," Nyati alisema, tena bila haya. "Na mtoto akiota mbawa akaruka?"

Pimbi akajibu, "Akiruka, mzee, mdomo wa kulisha umepungua."

"Umepungua!" Fisi akashangilia pale kwenye nguzo. "Ana akili mwanamke huyu! Wapeni! Wapeni vyote!"

Ndivyo Pimbi alivyopata kambare, karanga na kumbikumbi wa kijiji kizima. Mngedhani hadithi imekwisha. Haikwisha. Hapo ndipo ilipokuwa ngumu.

Jioni ile aliita akina mama wote uani kwake. Akaweka chungu katikati, mvuke unapanda, harufu inawazunguka watoto. Watoto walisogea. Mama zao wakawavuta nyuma, kila mmoja wake.

"Kuleni," Pimbi akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Jamani, wenzangu! Kuleni!"

"Unataka kutuulia watoto?" akauliza mmoja.

Pimbi aliona hapa ujanja hausaidii. Akawaeleza yote, gimbi na ulimbo, ungo na mbawa. "Hakuna mwiko. Ni maneno ya Nyati na Fisi, nao wameogopa maneno yao wenyewe. Mimi nina mimba, mnaiona. Tazameni." Akachukua kipande cha kambare, kikubwa, akakila mbele yao. Akachukua kichwa, akakinyonya mpaka mfupa.

Baadhi yao wakaanza kutazama chungu. Lakini Mama Swala akasimama. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, shingo nyembamba, kichwa kikubwa. Mwaka uliopita alimzika mwanawe wa kwanza, aliyeitwa Chande.

"Muongo wewe!" alisema. "Muongo! Nasema mwiko upo!"

"Shoga, nimekula mbele yako."

"Upo! Lazima uwepo! Chande alinililia karanga. Nilizing'oa mwenyewe, zilikuwa mkononi mwangu hapa, mbichi. Akanililia, nikampiga kofi, nikazipeleka barazani. Kama mwiko haupo, Mama Sikitu, kama haupo... basi ni nani aliyemuua mwanangu?"

Akina mama wakainamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na mkono wake na karanga zake.

Pimbi angeweza kudanganya. Alikuwa fundi wa kudanganya. Angesema, ni Mungu, ni ugonjwa, ni jicho la mtu. Alimsogelea mwenzake akasimama naye uso kwa uso.

"Walitudanganya wao," akasema. "Tukanyima sisi. Mimi Sikitu wangu alinusa vidole vya baba yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimepika."

Mama Swala akalia. Hakulia kama wanavyolia matangani, kwa maneno na kuitikiana. Alilia kama mtu anayetapika. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipokwisha, alikaa chini. Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. Akachukua kipande cha kambare, akatoa mwiba mmoja, akatoa wa pili, akatafuta tena wa tatu kwa ncha ya kidole. Akakiponda laini, akamtia mtoto mdomoni.

Mtoto akameza. Akafungua mdomo tena.

Ndipo wengine wakanyoosha mikono. Wakala mpaka chungu kikabaki mifupa, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Nami naishia hapa, wanangu, ninyi mkakumbuke: mwiko unaomshibisha aliyeutunga si mwiko, ni wizi.