Nani Aliujaza Uwanja wa Chini

Hapo zamani, usiku mmoja wa baridi, filimbi ililia mara moja. Prrriii!

Msinitazame hivyo, si zamani ya mababu. Ni zamani ya simu za vitufe, na mahali ni chuo kimoja cha ualimu kule Iringa, juu mlimani. Filimbi ikalia, taa za mabweni zikawaka, vichwa vikachomoza madirishani.

"Kuna moto?"

"Kuna mwizi?"

"Hakuna moto, hakuna mwizi," akajibu msichana aliyesimama peke yake katikati ya ua, kitenge mabegani, filimbi mkononi. "Kuna mechi Jumamosi."

Ikajibu sauti kutoka ghorofani: "Bupe, dada yangu, kalale."

Taa zikazimwa, moja baada ya nyingine.

Huyo ndiye Bupe, Waziri wa Michezo katika serikali ya wanafunzi. Uwaziri wenyewe ulikuwa wa mipira iliyovimba upande mmoja na nyavu zilizotafunwa na mbuzi wa mpishi. Bupe alikuwa amechoka. Hakuchoka kukimbia, alichoka kuomba. Aliomba bwaloni, wakatafuna. Aliomba mstarini asubuhi, wakapiga miayo. Alibandika matangazo mlangoni mwa maktaba, wakayatumia kufungia maandazi.

"Jamani, njooni mtazame timu yenu."

"Jumamosi nafua," walisema wasichana.

"Jumamosi nafua," walisema nusu ya wavulana, hata wale ambao hawakuwahi kuonekana na sabuni.

"Jumamosi kuna mechi ya Ulaya," walisema waliobaki.

Na kweli ilikuwapo. Nyuma ya geti la chuo kulikuwa na kibanda umiza cha Baba Kuruthumu, luninga mbele, jenereta nyuma, mabenchi katikati. Humo watu walikaa mapajani mwa watu kumtazama mtu wasiyemjua, wa mji wasioujua, akipiga mpira. Akikosa, walishika vichwa kama wamefiwa. Wakati huohuo, bondeni pale, katika Uwanja wa Chini, Lutengano waliyepanga naye foleni ya uji asubuhi hiyo alikuwa akifunga bao zuri kuliko yote, na kushangilia na kipa wa akiba na mbuzi.

"Ningekuwa Mzungu wangekuja," Lutengano aliwahi kumwambia Bupe, akifuta tope gotini.

"Ungekuwa ndani ya luninga wangekuja," Bupe akamjibu. "Hata kama humo ndani ungekuwa unafua."

Lutengano alicheka, akainama kufunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa.

Basi habari za filimbi zikamfikia Mkuu wa Chuo. Akamwita Bupe ofisini.

"Binti, umeamsha chuo kizima."

"Shikamoo, Mkuu. Hawakuamka. Waliwasha taa tu."

"Marahaba. Sikiliza." Mkuu akasogea dirishani, akautazama Uwanja wa Chini. "Uwanja usio na watu ni shamba lililocheleweshwa. Jumamosi wanakuja wenzetu wa Chuo cha Kilimo. Nikiona watu wameuzunguka uwanja pande zote nne, hadi filimbi ya mwisho, uwanja ni wenu. Nikiona upande mmoja uko wazi, Jumatatu trekta linaingia. Tutapanda mahindi ya bwalo."

"Na wakijaa, Mkuu?"

Mkuu akacheka kicheko cha mtu anayeyaona mahindi yamekwisha kubeba. "Wakijaa! Basi aliyewajaza, uwanja utaitwa kwa jina lake. Tangu chuo kijengwe unaitwa Uwanja wa Chini, kama shimo. Wewe ndiwe utakayenitajia jina, na utakalotaja nitalipaka rangi getini kwa mkono wangu."

Bupe akatoka. Akaenda moja kwa moja kwa Baba Kuruthumu, akamkuta akimwaga mafuta kwenye jenereta.

"Shikamoo, Baba. Jumamosi naomba usifungue."

"Marahaba, binti yangu. Mimi nauza mpira, sigawi. Nenda salama."

Akaenda kwa Shamimu, mwanafunzi wa Kiswahili mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Shamimu, shika kipaza sauti, utangaze mechi."

"Nimtangazie nani? Mbuzi?"

"Mtangazie yeyote."

"Haya, nitakuja. Lakini mbuzi akiondoka, nami naondoka."

Bupe akashusha pumzi. Akaenda kuchora mistari ya uwanja kwa majivu.

Jumamosi ikafika. Wageni wa Chuo cha Kilimo wakashuka kwenye lori lao, wakaupima udongo kwa macho, wakasema kweli mahindi yangestawi. Upande wa mashariki, hakuna mtu. Magharibi, hakuna mtu. Nyuma ya goli la juu, hakuna mtu. Nyuma ya goli la chini, mbuzi. Na kule juu, kwenye veranda ya ofisi, Mkuu amekaa kitini, mguu juu ya mguu.

Hapo ndipo ilipoonekana toroli. Ilikuwa toroli ya mpishi, ikisukumwa mbio kutoka mabwenini, imejaa ndoo, na ndoo zimejaa nguo, na nguo zimejaa povu. Aliyeisukuma ni Ngonyani, kipa wa akiba.

"Ngonyani! Ndoo za nani hizo?"

"Za watumwa wangu," akasema Ngonyani, akazipanga ukingoni mwa majivu, moja baada ya nyingine. Kisha akageuza toroli, akarudi kuchukua nyingine.

Mnajua mambo ya Mngoni na Mhehe. Walipigana zamani hata wakachoka, wakaachiana mzaha mahali pa mikuki. Mtani akikuchukulia kitu chako, huna ruhusa ya kununa. Utakifuata huko kiliko, umtukane upendavyo, naye akutukane, mcheke. Na chuo kile, kwa kuwa kiko Iringa, kilijaa Wahehe. Ngonyani, Mngoni wa damu, alipita kila bomba la kufulia. Ndoo ya Mhehe aliichukua. Ndoo ya Mhaya aliiruka. Ndoo ambayo hakumjua mwenyewe aliuliza kwanza kwa adabu, kisha akaichukua.

Wakaja. Wakaja na mapovu mikononi, wakaja kwa kandambili, wakaja wakipiga kelele.

"Ngonyani! Rudisha shuka langu, mwizi wa ukoo!" alifoka Nyaulingo, kiranja wa bweni la wasichana.

"Njoo ulichukue, mtumwa wangu! Mbona babu zako walikuwa na mbio kuliko wewe?"

"Babu zangu waliwakimbiza ninyi!"

"Basi walitukimbiza wakiwa mbele yetu!"

Wakacheka kwa hasira na wakakasirika kwa kicheko, na upande wa mashariki ukajaa, na wa magharibi ukajaa. Lakini waligeuza migongo uwanjani, kila mtu akitafuta ndoo yake, na nyuma ya magoli yote mawili palikuwa patupu. Kwenye veranda Mkuu hakushusha mguu.

Mara, nyuma ya geti, jenereta likakohoa, likanyamaza. Mechi ya Ulaya ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Kilisikika kilio cha wanaume wengi kwa pamoja, kisha wakatokea wote, wamemzunguka Baba Kuruthumu, wanamsihi, wanamlaumu, wanamfuata. Baba Kuruthumu alikuwa amebeba begani kitu kimoja tu, waya wa luninga.

"Anayeutaka waya anifuate," alisema. Akateremka bondeni akichechemea, akapita nyuma ya goli la juu, akapita nyuma ya goli la chini, na kila alipopita aliacha wanaume wamesimama.

"Baba, si ulisema hugawi?" Bupe akamuuliza.

"Nilisema. Halafu nikakumbuka mguu huu niliuvunjia hapa, nikiwa kijana. Wakipanda mahindi, nitamwonyesha nani mahali?"

Pande nne zikajaa. Bupe akatazama juu. Mkuu ameshusha mguu.

Lakini mechi yenyewe, jamani! Mechi ilikuwa mbovu. Mpira ulikuwa unakwama kwenye maji ya povu. Kufika mapumziko hakuna bao, hakuna hata shuti la kumtoa kipa jasho. Wahehe wakainua ndoo zao. Wanaume wakaunyakua waya begani kwa Baba Kuruthumu, wakaanza kupanda mlima. Bupe alikimbia huku, akakimbia kule, akafungua mikono kama mtu anayezuia kuku.

"Jamani, kipindi cha pili tu! Jamani!"

"Bupe, dada, nguo zitachacha."

Ndipo kipaza sauti kikasema: "Wapendwa wasikilizaji."

Ni Shamimu. Amepanda juu ya toroli.

"Wapendwa wasikilizaji, mnamwona Lutengano pale. Mnadhani anacheza kwa ajili ya chuo? Mnadhani anacheza kwa ajili ya mbuzi? Lutengano ana mtu. Nasema ana mtu, hapahapa chuoni, na mtu mwenyewe hajui. Najua mimi, kwa kuwa alikuja kwangu kuomba beti, na beti nikamtungia. Jina lake nitalitaja filimbi ya mwisho ikilia."

Ndoo zikashuka chini. Waya ukasimama katikati ya mlima, ukarudi.

Kipindi cha pili hakuna aliyefua, hakuna aliyeitaja Ulaya. Lutengano akigusa mpira, Shamimu anasema, "Herufi ya kwanza nimeisahau, nipeni makofi nikumbuke," na bonde linalia makofi. Lutengano akikimbia, masikio yanawaka. Dakika za mwisho akaangushwa ndani ya boksi. Penalti. Akauweka mpira, akarudi nyuma, na pande zote nne wakaanza kupiga kelele, "Jina! Jina! Jina!" Akaupiga. Mpira ukapita juu ya goli, ukapita juu ya mbuzi, ukaenda kulala kwenye migomba ya jirani.

Mechi ikaisha bila bao. Hakuna aliyeondoka.

Mkuu akateremka, kalamu mkononi. "Mahindi yameniponyoka," alisema. "Haya, Bupe. Nipe jina la getini."

Ngonyani hakumwacha ajibu. "Jina si lipo? Nani aliwatoa mabwenini? Ndoo. Nani alizileta ndoo? Mimi. Nimekaa benchi tangu nije chuo hiki, sijadaka hata mpira mmoja. Leo nimedaka Uhehe yote."

"Umedaka pande mbili, mwanangu," akasema Baba Kuruthumu. "Mkuu alitaka nne. Wewe umetoa nini? Vitu vya watu, nao wamevichukua. Mimi nimezima jenereta mpira ukiwa unachezwa. Kesho wale wote wanahamia kwa yule wa barabarani, wala sitawalaumu."

"Mliwaleta, sikatai," akasema Shamimu, bado juu ya toroli. "Mbona walikuwa wanaondoka? Wewe Ngonyani uliona ndoo zinapanda mlima. Wewe Baba uliona waya wako unapanda mlima. Mkuu alisema hadi filimbi ya mwisho. Nani aliwashika hadi filimbi ya mwisho? Ulimi huu."

"Ulimi wako, kwa kitu changu."

Aliyesema ni Lutengano. Alikuwa amekuja polepole, viatu ameviunganisha kwa kamba na kuvitundika shingoni.

"Ngonyani katoa mzaha wake. Baba katoa biashara yake. Wewe Shamimu umetoa sauti yako. Mimi sikutoa. Mimi nimechukuliwa. Nilikuja kwako kama kwa dada, nikakwambia neno ambalo sijamwambia mama yangu, na wewe umeliuza kwa watu wenye kandambili. Kama waliobaki walibakia kitu, walibakia changu. Na penalti nimekosa."

Shamimu akashuka kwenye toroli. "Lutengano, uwanja ulikuwa unakufa."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Bupe akawatazama wote wanne. Miezi yote ile aliwaomba watu waje, na hawakuja. Leo wamekuja, na hawataki kwenda.

"Jina! Jina!" wakapiga kelele. Nyaulingo alikuwa ameketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, shuka bichi limemlowanisha magoti, hana habari. "Shamimu, uliahidi! Tutajie tukafue!"

"Nyamazeni!" Bupe akapaza sauti mpaka ikakwaruza. "Mechi nzima hamkumtazama hata mara moja anavyocheza! Mnataka jina la nini? Jina la mtu mnalitakia nini?"

Wakanyamaza, lakini hawakuondoka.

Shamimu akakitazama kipaza sauti, akainama. "Silisemi," alisema. "Nimekwisha sema mengi."

"Nipe hicho," akasema Lutengano. "Kama ni la kusemwa, nitalisema mwenyewe."

Sasa ninyi mliokaa hapa na kucheka, mtanijibu. Mkuu amesimama, kofia ya kalamu ameitoa. Ngonyani anasubiri, Baba Kuruthumu anasubiri, Shamimu hainui macho. Uwanja ni mmoja, geti ni moja, na atakayetaja jina la getini ni Bupe peke yake, wala hawezi kumwachia mwingine. Akimtaja mmoja, mtajua kwa nini. Akimwacha mmoja, mtasema mnajua kwa nini. Je, nani alistahili? Fikirini vizuri kabla hamjafungua vinywa, maana Lutengano amekwisha kukiinua kipaza sauti, na bonde zima limemsikia akisema:

"Bupe."