Mtaa wa Mageti Meupe

Wahenga waliosema kuwa nyumba njema si mlango hawakuwa na ugomvi na maseremala. Walijua tu kwamba mlango hupakwa rangi kwa ajili ya wapita njia, na kwamba anayetaka kuijua nyumba sharti aufungue, aingie na kukaa. Mfamasia mmoja aliijua methali hiyo tangu akiwa shule ya msingi, na aliwahi kusifiwa mbele ya darasa kwa kuieleza vizuri. Lakini methali ya darasani haimzuii mtu kujikwaa.

Mfamasia huyo alipata uhamisho kwenda hospitali kuu ya jiji asilolijua. Aliishi na baba yake, fundi cherehani mstaafu ambaye watu walimwita Mzee Sindano. Tangu alipofiwa na mkewe, kumbukumbu za mzee zilikuwa zikichakaa kama kitambaa kikuukuu: leo tundu hapa, kesho tundu pale. Mara nyingine alitoka nyumbani hana hili wala lile, akawa anarudishwa na majirani waliomjua tangu ujana wake.

Kaka wa mfamasia, dereva wa malori, hakuupenda mpango huo hata kidogo.

"Hapa mji mzima unamjua. Huko nani atamjua? Mwache kwangu."

"Kwako abaki na nani, kaka, na wewe maisha yako ni barabarani? Baba nakwenda naye."

"Haya, mchukue. Lakini akipotelea huko, usinipigie simu ya kulia."

Maneno hayo yalimkaa mfamasia kooni kama mwiba wa samaki. Alipofika jijini alitafuta nyumba kwa jicho la mtu mwenye hofu. Dalali alimpeleka kwanza kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana, wenye vinyozi, mafundi cherehani na redio zinazoshindana kwa kelele. Kabla hajasalimia, mama mmoja aliyepanga nyanya juu ya meza alimuuliza, "Unatafuta nyumba? Una mume? Unakaa na nani?" Mfamasia alihisi kama anapekuliwa mfukoni.

"Hapa, dada, ukipiga chafya chumbani, pole inatoka nyumba ya tatu," dalali alisema, akicheka.

Kisha wakavuka barabara kuu. Upande wa pili kulikuwa na njia ya lami, miti iliyokatwa ikalingana, kuta ndefu na mageti meupe kila nyumba. Mlinzi mwenye sare aliwafungulia kizuizi. Kimya kilitanda kama cha maji mtungini.

"Na majirani wakoje?" mfamasia aliuliza.

"Majirani?" Dalali alicheka tena. "Hapa hata hutawaona."

Mfamasia alifurahi. Alizitazama zile kuta, akajiambia kuwa humo baba yake hawezi kupotea. Siku hiyo hiyo akakubali.

Miezi ikapita kwa amani. Siku za kazi, mama mmoja alilipwa kumtazama mzee. Siku za mapumziko, binti alibaki naye mwenyewe. Katika siku moja ya mapumziko, mfamasia alimwacha baba yake barazani akisikiliza redio, akaenda uani kufua. Aliporudi, redio ilikuwa bado inaimba. Kiti kilikuwa kitupu, na geti dogo lilikuwa wazi.

"Baba!"

Mbwa ndio waliomjibu. Alitoka mbio, akabonyeza kengele ya geti la jirani. Sauti ikakoroma kutoka kwenye kisanduku cha ukutani: "Nani?"

"Jirani yako wa hapa pembeni. Baba yangu ametoka, ni mzee, kumbukumbu zake—"

"Leo hatununui kitu."

Geti la pili, pazia la dirishani lilisogea kidogo, kisha likatulia. La tatu lilifunguliwa upana wa kiganja na bwana mmoja mwenye miwani. Juu ya kichwa chake kamera ilikuwa ikiitazama njia nzima.

"Naomba unionyeshe tu alikoelekea," mfamasia alisihi.

"Picha hutolewa kwa idhini ya kamati ya mtaa. Peleka ombi, watakujibu."

"Baba yangu yuko nje sasa hivi!"

"Pole sana, dada. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Alifunga geti taratibu, kwa adabu. Mfamasia akageuka, akaitazama njia. Hakuna aliyemjua baba yake kwa sura. Na yeye je, alimjua nani humo? Hata jina la yule bwana hakulijua.

Alimkimbilia mlinzi.

"Mzee wa koti la kahawia? Amepita. Nimempigia na saluti."

"Kwa nini hukumzuia?"

Mlinzi alishangaa kwa dhati. "Mama, mimi nimewekwa kuzuia wanaoingia. Anayetoka ana safari yake."

Akanyoosha kidole. Kilielekea barabara kuu.

Malori yalipita yakiitetemesha ardhi. Mfamasia alisimama ukingoni, macho yamemtoka pima, na hapo akaiona: katikati ya lami, kandambili moja ya buluu ya baba yake, ya mguu wa kushoto, imepondwa na magurudumu mpaka imekuwa kama karatasi. Akatafuta damu kwa macho huku akiomba asiione. Simu ikaita mkononi. Ilikuwa ya kaka yake. Akaitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha akapiga moyo konde na kuvuka.

Yule mama wa nyanya alikuwa pale pale mezani pake.

"Mama, samahani, mzee mmoja, koti la kahawia—"

"Ana kandambili moja?"

"Ndiyo!"

"Ni nani wako?"

"Baba yangu!"

Mama akageuka, akaweka viganja mdomoni. "Mwenye mzee kaja!" Kinyozi akaidaka sauti hiyo mlangoni pake, akamrushia fundi baiskeli, naye akairusha mbele zaidi. Mfamasia alikimbia, lakini habari zake zilikuwa zimeshamtangulia.

Alimkuta kwenye karakana ya cherehani, ameketi, goti limefungwa kitambaa safi, akimgombeza fundi mwanamke mwenye futi shingoni.

"Mshono gani huu? Umelewa!"

"Nimesikia, mzee, nafumua," fundi alijibu kwa upole. Akamgeukia mfamasia. "Tulimwona kasimama katikati ya magari. Kinyozi alimwacha mteja na povu shavuni akaenda kumvuta. Tumemuuliza jina, anatutajia la mwanamke."

Mfamasia alijua bila kuambiwa: lilikuwa jina la marehemu mama yake. Alipiga magoti sakafuni, akaishika miguu ya baba yake. Mzee akamkazia macho.

"Huyu nani?"

"Mtoto wako, mzee," fundi alimjibu.

"Mtoto wangu? Mbona amekonda hivi? Hamumpi chakula?"

Karakana nzima ikacheka, na mfamasia akacheka huku machozi yakimdondoka. Alipotulia, alimpigia kaka yake na kumweleza yote, bila kujitetea.

"Sasa yuko wapi?" kaka aliuliza.

"Kwa mafundi. Anawagombeza."

Kaka akashusha pumzi ndefu. "Basi mwache hapo hapo, na wewe umfuate."

Ndivyo walivyohamia ng'ambo, kwenye vyumba vilivyokuwa nyuma ya duka la kinyozi. Haikuwa pepo. Wiki ya kwanza waliibiwa ndoo, na usingizi wa mchana ulikuwa ndoto. Mzee aliendelea kutoka kila alipojisikia, lakini kila mara alirudi ameshikwa mkono na mtu, mara nyingine bado wanabishana.

Siku moja mwenzake wa kazini, aliyekuwa akitafuta pa kuhamia, alikuja kumtembelea mfamasia. Alisimama nje akiutazama mlango wa mbao zilizopinda, usiofunguka mpaka uinuliwe kidogo.

"Kweli hapa ndipo unapokaa?"

Kabla mfamasia hajajibu, sauti ya mama wa nyanya ilitoka ng'ambo ya njia: "Mgeni wako huyo anaitwa nani?"

Mfamasia alicheka, akauinua mlango, akausukuma kwa bega. "Usisimame hapo, ndugu yangu. Pita." Kwani nyumba njema si mlango; fungua uingie ndani.