Jiwe la Nyati na Paa la Bi Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na jiwe.

— Na likae!

Lilikaa kweli, chini ya kilima, juu ya pango la Bi Pimbi. Lilikuwa paa la wanawe watano. Siku moja asubuhi Nyati akaja, akaligonga kwa pembe: ko! ko!

“Hili nitalisimamisha kwangu malishoni. Kila apitaye alitaje jina langu.”

“Bwana mkubwa, chini yake nina watoto. Mwewe atawamaliza.”

“Mwewe naye ale.”

Bi Pimbi akalitazama jiwe. “Basi waite wenzako mvute.”

“Nigawane sifa na nani? Navuta peke yangu. Wewe panga magogo, jiwe lipite juu yake.”

Wavuta mawe wa zamani walikuwa na mwiko wao: anayevuta hainui kichwa mpaka jiwe lifike. Akiinua, nguvu humtoka. Nyati akajifunga kamba, akainama, akazitazama kwato zake.

Gurugugu! Jiwe likapita juu ya magogo. Gogo la nyuma likabaki wazi. Bi Pimbi akalisukuma mbele, akalilaza mshazari, upana wa ukucha. Jiwe nalo likapinda upana wa ukucha.

“Tunakwenda?”

“Tunakwenda, bwana mkubwa.”

Gurugugu! Gogo la nyuma likaja mbele. Upana wa ukucha.

“Bado mbali?”

“Si kama asubuhi.”

Juu, mwewe alizunguka. Pangoni, watoto walibanana kimya. Bi Pimbi hakuthubutu kuwaita. Gurugugu! Malisho yakawa ubavuni, kisha yakawa mgongoni. Mabega ya Nyati yalichubuka, damu ikachirizika kambani.

“Tumefika,” akasema Bi Pimbi.

Nyati akajikaza mara ya mwisho. Jiwe likatua: dii! Akainua kichwa. Akaona kilima kilekile, na chini ya jiwe vichwa vitano vikichungulia.

“We mshenzi! Umenidanganya!”

“Uliuliza kama tunakwenda. Tulikwenda. Wapi, hukuuliza.”

Nyati akataka kulivuta tena. Magoti yakakataa. Akalala palepale, na Bi Pimbi akamfukuzia nzi mpaka akakata roho.

Hadi leo wapitao wakiona pembe zake na kamba hapo kando, hulipapasa jiwe wakisema, “Lo, Nyati alikuwa na nguvu!” Bi Pimbi huwasikia tu. Paa lake halivuji.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.

Mwataka funzo? Fanyeni kazi kwa bidii, vichwa chini kama Nyati, wala msiulize mnakopelekwa. Na mtu asinisumbue tena, nimesema wazi!