Mwiko na Kikohozi

Hapo zamani, enzi ambazo harusi bila pilau haikuhesabiwa kuwa harusi, palikuwa na mji ukiitwa Mkadini, na katika mji huo palikuwa na mwiko. Msinikodolee macho, nitawaeleza. Nasema mwiko ule wa mti, wa kukorogea na kupakulia, mrefu kama kasia. Ulikuwa mali ya mji. Aliyekabidhiwa ndiye aliyepika karamu zote: harusi, hitima, maulidi. Alikula kwa mwiko huo, yeye na nyumba yake, na akipita njiani watu humwinukia.

Lakini mwiko huo nao ulikuwa na mwiko wake. Mshika mwiko hamuulizi mtu chumvi. Hamuulizi mkewe, hamuulizi mamaye. Siku atakayofungua kinywa akasema, "Hebu nionjee," siku hiyo umemtoka, anapewa mwingine.

Siku zile mwiko ulikuwa kwa Mzee Msellemu. Vijana wakimwona na kanzu yake nyeupe husemezana, "Msellemu keshafika." Kafika wapi, hawakusema. Mwenyewe aliitikia salamu huku akitabasamu, lakini alikuwa na lake moyoni.

Lake lilikuwa hili. Mwaka uliotangulia alishikwa na homa kali. Alipopona, uji ulikuwa kama maji, na maji kama uji. Akamgombeza mkewe, "Bi Mwanate, chumvi imepanda bei? Mbona mchuzi huu hauna kitu?"

Bi Mwanate akaonja. "Una chumvi, bwana. Umekolea."

Msellemu akainuka, akaenda kwenye kopo la chumvi, akachota, akaramba. Akachota tena. Hakusikia kitu. Alikaa pale chini karibu na mafiga, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Pua ilikuwa nzima, masikio mazima, mikono mizima. Ulimi ndio uliokufa.

"Sijui kushona," akasema. "Sijui kujenga. Tangu nizaliwe najua kupika tu. Wakijua, nitakuwa nani?"

Bi Mwanate akafikiri. Halafu akauliza, "Mwiko umekukataza kuuliza. Umekukataza kusikia?"

"Kusikia haukunikataza."

"Basi mwenye njaa hana miiko. Mimi hukaa nyuma yako nikitwanga kitunguu thomu. Nikija kutia thomu kwenye supu, nitachovya kata yangu, nitarudi mahali pangu nitaramba. Chumvi ikipungua nitakohoa. Ikitosha nitanyamaza."

Ikawa hivyo. Msellemu anatia chumvi, Bi Mwanate anachovya kata, anarudi, anaramba. Kh! Msellemu anaongeza. Kimya. Msellemu anatia mchele. Harusi ikapita, hitima ikapita, maulidi yakapita. Watu wakala, wakajilamba vidole, wakasema mkono wa Msellemu haujapata kuwa mtamu hivi.

Sasa palikuwa na mtu wa tatu, Faki, mtia kuni. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye wake na watoto, na amekaa kwenye moshi wa Msellemu tangu ndevu hazijamwota. Kila mtu alijua kwamba Msellemu akiondoka, mwiko ni wa Faki. Faki naye alikuwa na masikio. Alikwisha kukisikia kile kikohozi, akakielewa, akanyamaza.

Basi Liwali wa Mkadini akamwoza bintiye. Wageni wakaja kutoka miji ya mbali, na sufuria iliyotolewa siku hiyo mtu angeweza kuogea ndani. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, kuni zimelowa. Faki akazipanga hivyo hivyo, akazipuliza mpaka macho yakawa mekundu.

Vitunguu vikakaangwa, nyama ikaiva, supu ikachemka. Msellemu akatia chumvi. Bi Mwanate akachovya kata, akarudi, akaramba. Chumvi ilikuwa sawa kabisa. Akatulia anyamaze.

Upepo ukageuka. Moshi wa kuni zilizolowa ukampiga usoni.

Kh!

Msellemu akaongeza chumvi.

Kh! Kh!

Msellemu akashangaa kidogo, lakini akaongeza, akaongeza tena. Bi Mwanate akamtolea macho na kutikisa kichwa. Mumewe kampa mgongo! Aseme nini? Uwanja umejaa watu, na neno moja tu la chumvi likitamkwa, watu watajua, na mwiko umekwenda. Akabaki ameshika kata. Na mchele ulikuwa tayari umeoshwa. Ukishaingia, sufuria ikapaliwa makaa juu ya kifuniko, hakuna fundi wa kuitengeneza tena.

Faki aliona yote. Angenyamaza, jioni ile wageni wa Liwali wangetema pilau mbele ya mji mzima, na kesho yake mwiko ungekuwa wake. Alisimama na gogo begani, akamtazama mzee, akamtazama Bi Mwanate. Halafu akajikwaa.

Hakujikwaa kwa bahati mbaya. Alijitupa. Sufuria ikainama, supu ikamwagika karibu nusu, ikamwagikia yeye mguuni. Uwanja mzima ukacheka. "Faki mwaga supu! Faki mwaga supu!" Naye, huku ameuma meno kwa maumivu, akasema kwa sauti, "Nisamehe, fundi. Jaza maji, kazi iendelee."

Msellemu alielewa kwamba chumvi imezidi. Akajaza maji. Lakini supu sasa ilikuwa nyepesi, haina harufu. Hapo ndipo mzee alipokuwa fundi. Akakaanga bizari upya, mdalasini, iliki, jira, akiinusa kila moja mpaka ijibu. Akatia mafuta, akasikiliza yanavyolia. Akarudisha kila kitu mahali pake kwa pua na masikio tu. Bi Mwanate akachovya kata, akarudi, akaramba. Imetosha. Na moshi ukaja tena, jamani! Akajiziba kinywa kwa leso, akaubana mdomo, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, lakini kikohozi hakikutoka. Msellemu akatia mchele.

Pilau ile ilisifiwa mpaka na wenye wivu. Liwali akasimama mbele ya wageni, mwiko mkononi, akasema, "Kila mshika mwiko huogopa siku ambayo mikono itatetemeka. Aliyepika sufuria hii asiogope tena. Mwiko ni wake mpaka kufa, awe na nguvu asiwe nazo. Msellemu, njoo. Sema tu 'Nimepika mimi,' uuchukue."

Msellemu akaenda. Neno lilikuwa dogo, na lingemwondolea hofu yote aliyolala nayo. Akafungua kinywa. Akamwona Faki pembeni, mguu umefungwa kitambaa, anajaribu kusimama wima. Haya zikamshika, akaeleza yote: homa, kikohozi, chumvi, supu.

Liwali akasema, "Basi huutaki."

"Nimesema kweli, Bwana Liwali. Sijasema siutaki," akajibu Msellemu. "Chumvi anaweza kutia mtu yeyote. Supu ile ilipokuwa maji matupu, nani aliyeifanya pilau? Na mwiko wa mwiko sikuuvunja. Sikuuliza. Nilisikia mke wangu anakohoa."

Watu wakacheka, lakini Bi Mwanate hakucheka. Akasogea mbele.

"Mume wangu namheshimu, na mpishi ni yeye," akasema. "Lakini tangu homa ile, hakuna sufuria iliyoliwa mji huu bila ulimi wangu. Mnasifu mkono ilhali mnachokula ni chumvi niliyoipima mimi. Sijawahi kuitwa fundi hata siku moja. Nikiitwa leo nitakuwa nimeiba nini?"

"Uliiharibu sufuria wewe," Msellemu akanong'ona.

"Niliiharibu kwa moshi! Moshi wa kuni za nani?"

Wote wakamgeukia Faki. Akaja akichechemea.

"Za kwangu. Mvua ilinyesha, sikupata nyingine," akasema. "Bwana Liwali, ningekaa kimya tu, leo ungekuwa unaniita mimi. Sikukaa kimya. Mguu wangu umeungua na jina langu limeungua nao, sasa watoto wananiita Mwaga Supu. Nikitoka hapa mikono mitupu, mpishi gani atanichukua? Hawa wawili wana nyumba moja. Akipewa mmoja wanakula wote."

"Mimi sitaki kula tu," akasema Msellemu. "Nikikosa mwiko nitakula vizuri, nitaitwa mume wa fundi, nitakaa barazani kungoja kufa."

"Na mimi nimekaa nyuma yako miaka yote hiyo," akasema Bi Mwanate taratibu. "Sikufa."

Msellemu akainamisha kichwa.

Liwali akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama na yule wa tatu. Mwiko ni mmoja, haukatwi vipande, na ahadi aliitoa mbele ya wageni. Akaulaza mkekani katikati yao. Akasema, "Mimi nimekula kama nyinyi. Amueni nyinyi."

Haya, waungwana, na mimi naulaza hapa mbele yenu. Hapo wamesimama mzee asiyejua kazi nyingine, mwanamke aliyefanya kazi isiyoonekana, na mtu aliyeuchoma mguu wake ili mwenzake asiaibike. Mmoja atainama auokote, na kesho asubuhi wawili wataamka hawana mwiko. Mliokula pilau ile, semeni: ni mkono, ni ulimi, au ni mguu? Nani auokote mwiko?