Mwonjaji wa Bwawa la Kitopeni

Mvua ilipowakimbia wanyama wa Kitopeni kwa mwaka wa pili, mito yote iligeuka mchanga, likabaki bwawa moja tu lenye maji. Mwaka huo kila mnyama mbavu zilimtoka nje, isipokuwa Fisi. Yeye kitambi kilimtangulia njiani. Na wala msidhani alikuwa hodari wa kuwinda, maana kuwinda kwenyewe hakukujua. Fisi alilishwa na sheria.

Sheria hiyo iliwekwa na babu yake Simba, enzi ambazo Mamba mkali aliishi ndani ya bwawa na kumdaka kila aliyeinama kunywa. Ilisema kwamba asiwepo mnyama wa kunywa asubuhi kabla Mwonjaji hajaingia majini mpaka kifuani, akanywa, akatoka mzima. Na atakayekufa ukingoni akisubiri, mzoga wake ni wa Mwonjaji, auondoe usije ukaharibu maji. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya maana. Kazi ilikuwa ya kujitoa mhanga, ikapewa ujira wake, na ukoo wa Fisi ukaichukua.

Mamba akazeeka, akafa. Sheria haikufa naye. Fisi wetu alipoirithi kazi, aliisoma sheria kwa tumbo lake, akagundua kuwa haikusema Mwonjaji aamke saa ngapi. Basi akawa analala. Jua linapanda, wanyama wako kwenye foleni ndimi nje, na yeye anajinyoosha pangoni akijiuliza leo ataanguka nani. Akijitokeza mchana, huchovya ncha ya ulimi, akatangaza maji ni salama, kisha akapita kuikagua foleni. Aliyekuwa amelala chini bila kuinuka, huyo ndiye chakula cha jioni.

Walipoanza kunong'ona kwamba Mamba hayupo tena, Fisi hakubishana nao. Alitafuta gogo la mti lenye magamba, akalipaka tope, akalisukuma hadi katikati ya bwawa mchana wa jua kali wenzake wakiwa vivulini. Akalifunga kamba ndefu ya magome, akaipitisha chini ya tope na matete hadi ukingoni pale anaposimama siku zote, na kila afikapo hapo akawa anaifunga ncha yake kwenye mguu wake wa nyuma. Kila minong'ono ilipoanza, alivuta mguu kidogo. Gogo likasogea, na mashujaa wote wa Kitopeni wakatimua mbio. Fisi alicheka mpaka machozi. Aliwaona wajinga, na kusema kweli hakukosea sana.

Lakini vilio vikazidi mpaka vikamfikia Simba. Simba alipenda kusifiwa kuliko alivyopenda nyama, na alikuwa amesikia kwamba watawala wa maana wa nchi nyingine wote wana Jopo la Kupitia Sheria. Akaunda la kwake. Kobe akawa mwenyekiti, Kanga mjumbe, na Sungura katibu. Waliapishwa wasipokee amri ya yeyote, hata ya Simba mwenyewe, na wasile wala wasinywe kwa mtu hadi kazi iishe. Jopo halikuwa na uwezo wa kufuta sheria. Lilipaswa kuichunguza kila sheria ya zamani, kuwasikiliza inaowagusa, kisha kulishauri baraza la wanyama kama ibaki, irekebishwe au iondolewe. Simba aliona ni pambo zuri la utawala wake.

Jopo lilikuwa na desturi moja iliyowaudhi wakubwa. Halikujadili sheria kivulini. Liliisomea pale pale inapofanya kazi, mbele ya wale inaowabana.

Fisi aliposikia kwamba sheria ya bwawa inafuata, alichagua paja lililonona akampelekea Kobe. Kobe akalirudisha.

"Bwana Fisi," akasema, "mimi nakula majani. Na hata ningekuwa nakula nyama, nimeapa."

Fisi alikwenda zake akitukana moyoni. Hakuwahi kuonana na kiumbe asiyenunulika, akadhani labda paja lilikuwa dogo. Akampelekea Kanga paja kubwa zaidi, na Kanga akamfukuza kwa kelele zilizosikika nchi nzima. Kwa Sungura hakuthubutu kwenda, kwa sababu kila aliyewahi kumpelekea Sungura hila alirudi na mbili za kwake.

Badala yake akaenda kwa Simba, akajikunja miguuni pake, akamweleza kwa sauti ya huzuni kwamba jopo limekusudia kulifuta neno la babu yake. Leo la babu, akasema, kesho litakuwa lako. Manyoya ya shingo ya Simba yalisimama. Akaapa kuhudhuria kikao yeye mwenyewe, na atakayelidharau neno la babu yake atamtambua. Fisi alirudi kwake akipiga mluzi.

Siku ya kikao wanyama wote walikusanyika ukingoni. Mbele kabisa alikuwapo Mama Swala na mwanawe mdogo, ambaye magoti ya mbele yalikuwa yamekwisha kukunjika. Fisi alikuwa amekwisha kumwona. Alisimama mahali pake pa siku zote, kamba mguuni chini ya matete, akipiga hesabu za jioni. Kanga akaisoma sheria kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na Kobe akauliza nani ana la kusema.

"Waheshimiwa, mimi mambo ya sheria siyajui," akasema Mama Swala. "Mwanangu hajanywa tangu jana. Maji hayo hapo nayaona. Na huyu bwana tangu tumefika anamtazama mtoto wangu kama sahani."

Wanyama wakaguna. Fisi alivuta mguu, akavuta tena kwa nguvu kuliko desturi yake, maana leo palikuwa na wageni. Gogo likasogea karibu kabisa na ukingo, mgongo wake wa tope ukiwa juu ya maji. Umati ukarudi nyuma kwa kishindo. Simba naye alirudi nyuma, kisha akajifanya alikuwa anatafuta mahali pazuri pa kukaa.

Hapo Fisi akapaza sauti. Alieleza meno ya Mamba, mkia wa Mamba, na jinsi Mamba anavyompindua ng'ombe majini kama jani. Akaapa kwa mababu zake kwamba sheria ile ndiyo inayowaweka hai, na kwamba haifai kuguswa.

"Hata neno moja lisiguswe?" akauliza Sungura kwa upole.

"Hata moja."

Sungura akamwinamia Kobe, wakanong'ona, na Kobe akakubali kwa kichwa, polepole kama alivyofanya mambo yake yote. Kisha Sungura akamgeukia Simba.

"Mkuu, kabla ya kushauri lolote, jopo linaomba kuiona sheria ya babu yako ikifanya kazi kama alivyoiagiza. Aliagiza mpaka kifuani. Bwana Fisi huishia ulimini."

Simba aliligeuza lile jambo kichwani, na polepole uso wake ukabadilika.

"Kumbe umekuwa ukimpunja babu yangu," akamwambia Fisi. "Ingia."

Fisi akautazama mguu wake. Kamba ilikuwa bado mguuni na hakuweza kuifungua mbele ya macho yote yale. Lakini akajipa moyo. Mamba hakuwapo, na hilo hakuna aliyelijua vizuri kuliko yeye. Ataingia, atanywa, atatoka, kisha atawaambia kwamba Mamba anauheshimu ukoo wake. Kesho ataamka mchana kama kawaida. Akaingia majini akitembea kwa maringo, mkia juu.

Maji yakamfika magotini, yakamfika tumboni. Kwa miaka mingi alikuwa amesimulia yale meno na ule mkia, na kumbe masikio yake nayo yalikuwa yakisikiliza. Mara kitu kigumu chenye magamba kikamsugua tumbo. Akili yote ikamtoka. Alisahau gogo, alisahau kamba, akageuka na kutimua mbio akipiga mayowe kwamba Mamba amemshika mguu. Na kweli mguu ulikuwa umeshikwa. Kadiri alivyokimbia ndivyo mnyama yule alivyomfuata, akatoka naye majini, akaruka naye juu ya mawe, hadi Fisi akaanguka kifudifudi mbele ya Simba na gogo likampanda mgongoni.

Kanga akasogea, akalidonoa lile dude. Tope likabanduka.

"Ni mti," akasema. Akaifuata kamba kwa macho mpaka kwenye mguu wa Fisi.

Waliokuwa na nguvu ya kucheka walicheka. Simba hakucheka, kwa sababu alikumbuka kwamba yeye pia alikuwa amerudi nyuma. Alimvua Fisi kazi pale pale. Kobe akatoa ushauri wa jopo: sheria ilizaliwa kwa ajili ya Mamba, Mamba hayupo, iondolewe, na badala yake ije sheria fupi, kwamba bwawa ni la kila mwenye kiu na dhaifu atangulie. Baraza likakubali kwa sauti moja. Simba akasema hivyo ndivyo hasa babu yake angetaka, na hakuna aliyejisumbua kumpinga. Mtoto wa Swala alikuwa amekwisha kunywa, amelowa mpaka masikioni.

Ndivyo ilivyo kwa sheria isiyopitiwa: iliyowekwa kuwalinda wengi huishia kumnenepesha mmoja, naye ndiye atakayeilia kwa sauti kubwa siku ya kuondolewa. Fisi akaanza kutafuta chakula chake kama wengine, na kitambi kikaisha. Bwawani huja mwisho, wenzake wakiwa wameondoka. Huchovya ulimi, hushtuka, huruka nyuma, kisha hugeuka kuukagua mguu wake. Wanyama wote wa Kitopeni hunywa bila hofu, na yeye aliyewatisha kwa gogo ndiye peke yake ambaye bado analiogopa.