Kamba wa Mzee Mkumba

Mnacheka nini? "Hata chakula ulichokizoea, kipigie hodi." Methali hii msiwasingizie wahenga. Ilianzia kwenye chungu changu mwenyewe, na mkinyamaza nitawaeleza.

Nilipoolewa Nyamisati, desturi ya pale ukweni ilikuwa mkamwana apike chungu chake cha kwanza, na baba mkwe ale mbele ya watu mpaka amalize. Akibakiza, amemkataa. Mimi nikapika kamba wa nazi. Mkwe wangu, Mzee Mkumba, alikula kamba tangu utotoni mpaka mvi zikamjaa, sasa nani angewaza vingine?

Alikula, akasifu, akamaliza. Mara akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Alitaka kusema neno, sauti haikutoka.

"Wifi, umemtilia nini baba?" Sikudhani, dada wa mume wangu, akanigeukia.

"Wallahi, nazi na chumvi tu!"

"Tutaona."

Hapo nikaelewa kwamba mzee akifa bila kusema, mimi ndiye muuaji. Loo, niliogopa, wajukuu zangu! Babu yenu akawasha pikipiki, tukampakia mzee katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, mshikaki mpaka zahanati. Aibu ya kumshika mkwe niliisahau.

Muuguzi alipomwona tu, akamchoma sindano ya paja. Taratibu pumzi ikarudi. Tulipomweleza alichokula, akamuuliza:

"Mzee, kamba waliwahi kukudhuru kabla ya leo?"

Akainamisha kichwa. "Juzijuzi niliwashwa. Mara nyingine nikavimba mdomo. Nikanyamaza. Mzee mzima nikimbie kamba? Na leo ningekataaje chungu cha mkamwana?"

"Mwili hubadilika hata uzeeni," muuguzi akamwambia. "Kamba basi tena. Siku nyingine huenda usifike hapa ukiwa hai."

Wakamweka pale wamwangalie, kesho yake tukarudi. Watu wamejaa uani, na Sikudhani amekwisha kunifungia nguo zangu kwenye kanga, ziko mlangoni. Mzee akashuka, uso bado umemvimba.

"Mfungulie mwenzio nguo zake," akasema. "Huyu hakunitilia kitu. Kilichotaka kuniua ni haya zangu mwenyewe. Mwili ulinionya, nikauziba mdomo. Nanyi wazee wenzangu mnaojikuna kimyakimya, sikieni: hata chakula ulichokizoea, kipigie hodi."