Kiboko Aliyetoka Kuonyesha Sheria

"Enyi wenye masikio, paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa la kusikilizwa. Lete, twangoja!"

Palikuwa na bwawa katika nchi ya mawe, na wanyama wachache walioishi kando yake wakaunda Umoja wa Bwawa: asiye mwanachama asinywe. Uenyekiti akaushika Kiboko, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumnyima.

Mwaka ule Mola hakuteremsha mvua. Bi Pimbi, ambaye watoto wake watatu walikuwa wamekauka ndimi huko majabalini, akaenda kwenye lango la matete kuomba uanachama.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Kiboko, "ila lete kwanza mzigo wa majani mabichi, tukukague."

Akaleta. Nyamu, nyamu, nyamu! Kiboko akayamaliza.

"Lete mwingine, tuukague ukaguzi."

Akaleta. Nyamu, nyamu, nyamu!

"Sasa lipo sharti jipya: mwombaji apite langoni pasi na kuvunja tete. Avunjaye hagusi maji mpaka wanachama wote wamridhie."

Bi Pimbi akashusha pumzi. Ya Rabi! Subira nayo ina magoti, na ya kwake yalikwisha chubuka.

"Mheshimiwa," akasema kwa adabu, "sisi watu wa mawe vichwa vyetu vizito. Hupitwaje hapo? Tuonyeshe wewe uliyelitunga."

"Naam, Mwenyekiti," akadakia Ngiri, katibu, ambaye naye alikwisha choka. "Onyesha!"

Kiboko akavimba kwa fahari. Akatoka majini, chubwi, chubwi, akapitia upande wa nyuma, akaja mbele ya lango. Akaingiza pua. Kwaa! Matete saba yakalala.

Papo hapo Bi Pimbi akapenya chini ya tumbo lake, pyu! Halikutikisika hata tete moja.

"Huyo ni mwanachama!" akanguruma Nyati, mmoja wa wanachama, akiziba lango kwa pembe zake. "Nawe, ndugu yangu, ungoje kuridhiwa."

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka. Wanachama wengine wakamridhia, akasalia Bi Pimbi.

"Bi Pimbi, mama, niridhie!"

"Itikia kwanza hadharani: majirani wote waingie."

"Naitikia! Naitikia, we bibi, naungua!"

Bi Pimbi akamridhia, kisha akapiga mluzi kuelekea majabalini. Watoto watatu wakateremka mbio, wakainamia maji, wakanywa hata matumbo yakawa ngoma.

Ngano yangu imetua. Utamu wake tugawane. Uchungu wake niachieni, nimeuzoea. Na funzo lake, wanangu, lishikeni vyema: tungeni masharti mengi kadiri mpendavyo, lakini msitoke nje kuonyesha namna yanavyofuatwa.